Kazi Ikishatundikwa Haishushwi

Nilikuwa namenya vitunguu saumu simu ilipoita. Alikuwa Josefu, mtoto wa baba mkubwa wangu, sauti imemkauka. Akaniambia mzee amefariki alfajiri na mazishi ni Jumamosi. Nikasema pole, kama inavyotakiwa. Akakohoa kidogo, kisha akaja kwenye jambo lililomfanya apige. Picha pekee waliyo nayo ya marehemu ni ile ya kitambulisho, na ukiikuza uso wote unapotea. Kikao cha familia kimeona kwamba, kwa kuwa ukoo una msanii wake, basi mimi nimchore mzee, mchoro mkubwa wa kutundikwa sebuleni, watu wanaokuja kutoa pole wauone.

"Wewe ndiye wa kututoa aibu, dada," akasema. "Na mzee mwenyewe mpaka anakufa alikuwa anajisifu kwamba kipaji chako yeye ndiye aliyekiona wa kwanza."

Nilikata simu bila kuaga. Vidole vyangu vilinuka kitunguu saumu, na harufu hiyo ikanirudisha moja kwa moja kwenye ukumbi ule wa Mbulu mjini, ambao msimu wa mavuno ulikuwa ghala la vitunguu saumu, na siku za tamasha magunia yalisukumwa pembeni ili watoto watundike michoro yao. Nimekaa miaka mingi nikidhani hasira ile imeisha. Kumbe ilikuwa imelala tu, na Josefu kaiamsha kwa sentensi moja.

Baba yangu alifariki nikiwa darasa la tatu. Kabla hata ya matanga kuisha, baba mkubwa alikuja nyumbani kwetu, kijiji cha Daudi, akiwa na wazee wenzake wa ukoo, wakaswaga ng'ombe wa baba mpaka wa mwisho. Walisema wanakwenda kuwatunza kwa ajili yetu. Sijawahi kuona utunzaji wa namna ile. Mama alibaki na shamba, kuku, na mimi, mtoto wa kike mmoja, ambaye kwenye hesabu zao sikuwa kitu.

Ila kulikuwa na ng'ombe mmoja ambaye hawakumkuta. Huyu alikuwa wa mama. Alimnunua akiwa mtamba, kwa fedha ya vitunguu saumu alivyolima kwa mikono yake, na baba alipoanza kuugua alimpeleka kwa siri mbali, upande wa Hanang, kwa rafiki yake mama. Hakuna la ajabu hapo. Kwetu mtu haweki mifugo yake yote zizi moja. Mmoja atakaa kwa shemeji, mwingine kwa rafiki wa mbali. Anayetunza anakunywa maziwa, mwenye mali anabaki na ng'ombe na ndama wanaozaliwa. Hivyo ugonjwa ukiingia zizi moja hauwamalizi wote, na jicho la mtu haliwaoni wote. Ndiyo maana ukimuuliza mtu ana ng'ombe wangapi anakuona huna adabu. Wazee walipomuuliza mama yuko wapi yule wake, aliwajibu kwamba alikufa kwa ndigana, homa ile ya kupe. Walimwamini, kwa sababu ndigana ilikuwa inaua kweli mwaka ule.

Rafiki huyo tulimwita Mama Gidamis. Yeye na mama walijuana hospitalini, vitanda jirani, mama akiniuguza mimi na yeye akimuuguza mwanawe. Watu wake ni wafugaji wa tambarare za Basotu, karibu na ziwa. Kila likizo tulishuka kwao na mahindi na vitunguu, tukapanda na samli. Na kila tuliporudi, kabla hatujafika nyumbani, mama aliniambia neno lile lile: "Ya kwa Mama Gidamis usiyaseme."

Sasa mtoto huelewa kwa akili yake. Mama Gidamis hakuwa mtu wa kanisa. Kwao walikuwa na namna yao ya kuomba, na niliwahi kuwaona wakimwaga pombe ya asali kwenye kaburi la mzee wao. Nikaamua moyoni kwamba hilo ndilo mama analoficha, asije mzee wa kanisa akamsema mbele ya watu. Nikalishika sana. Hata shuleni wenzangu waliponiuliza likizo nilikuwa wapi, nilisema nilikuwa nyumbani. Lakini niliambiwa nisiseme. Hakuna aliyeniambia nisichore.

Na kuchora ndiyo kitu nilichokuwa nacho. Nilichora kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni, nilichora kwa kijiti njiani kwenda kisimani. Mwalimu Safari, aliyetufundisha darasa la sita, ndiye aliyetuletea habari za tamasha: kutakuwa na ngoma, kwaya, wafinyanzi, na maonyesho ya michoro ya watoto, na majaji watatoka mjini kuichagua iliyo bora. Akanipa karatasi ya manila nzima, nikaikunja kwa kuizungusha, nikashuka nayo Basotu likizo ile.

Ng'ombe wa mama tulimwita Pembe. Alikuwa mwekundu kama tofali lililoiva, ana baka jeupe lililoanzia begani likashuka mpaka tumboni kama maziwa yaliyomwagika, na pembe yake ya kushoto ilikuwa imeota ikielekea chini, karibu kulifikia jicho, kwa hiyo alizoea kuinamisha kichwa upande kama mtu anayesikiliza. Nilikaa naye jioni baada ya jioni. Wekundu wake niliupata kwa kusugua udongo. Mbele nilimweka yeye, nyuma kipande cha ziwa, na nyuma kabisa Mlima Hanang na wingu lake. Mama sikumwonyesha. Nilitaka auone ukutani, katikati ya watu, ashangae.

Alishangaa kweli. Siku ya tamasha michoro ilining'inizwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, na wangu ulikuwa katikati, mkubwa kuliko mingine. Mama aliingia amejifunga kitenge chake cha kanisani, anatabasamu, ananitafuta kwa macho. Kisha akauona. Tabasamu likabaki usoni kwa muda kidogo baada ya yeye mwenyewe kuondoka ndani yake. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya majaji.

Mwenyekiti wa majaji alikuwa kijana wa mjini mwenye miwani inayoning'inia kifuani kwa kamba. Pembeni yake alikaa mama mmoja mnene wa ofisi fulani, mwenye sauti ya kuzoea kusikilizwa.

"Habari za kazi, baba," mama akasema. "Naomba picha ya mtoto wangu. Ile ya ng'ombe."

"Ina tatizo gani, mama?"

"Haina tatizo. Naiomba tu, nirudi nayo nyumbani."

"Haiwezekani. Majaji hatujapita. Kazi ikishatundikwa haishushwi mpaka matokeo yatangazwe. Kanuni ndivyo inavyosema."

"Lakini mimi ndiye mama yake."

"Na sisi ndio majaji," akajibu, na watu waliokuwa karibu wakacheka.

Yule mama wa ofisi akaegemea mbele. "Mama, Mungu amekupa mtoto mwenye kipaji, wewe unataka kukizima. Kwa nini? Kwa sababu ni wa kike? Angekuwa wa kiume ungekuja hapa kuishusha?"

Mama aliangalia kushoto, akaangalia kulia. Ukumbi ulikuwa umejaa watu wa Daudi, majirani, wanakwaya, na wake za wazee wale wale waliotuswagia ng'ombe. Leo naelewa alichokuwa anakihesabu. Akitaja sababu, ameshalitoa lile analolificha. Akinyamaza, picha inabaki. Wale waliokaa nyuma ya meza walikuwa na kalamu, chupa za maji na kanuni, na hawakuwa na hata chembe ya akili ya kumvuta mwanamke pembeni, wamuulize kwa sauti ya chini, "Mama, kuna nini?" Walishamwona ni mshamba asiyejua thamani ya sanaa, basi ikaisha.

"Nina sababu zangu," mama akasema.

"Basi sababu zako zisubiri," mwenyekiti akasema.

Mama akanigeukia. "Waambie, mwanangu. Waambie unaitaka picha yako."

Ukumbi mzima ukanitazama. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu kitu changu kilikuwa katikati ya ukuta. Nikafikiri mama anaona aibu. Nikafikiri ni vile vile vya kumwogopa mzee wa kanisa, kwamba watu watajua tunakwenda kwa wasiosali. Nikamwona mwoga. "Mimi sitaki ishushwe," nikasema, na yule mama wa ofisi akapiga makofi, na wengine wakamfuata. Mama alitoka nje kumtafuta Mwalimu Safari, amwombee.

Alipokuwa huko nje, baba mkubwa akaingia.

Nilimpa shikamoo. Akaitikia marahaba huku macho yake yakiwa juu ya kichwa changu, kwenye mchoro. Tangu tumzike baba, mtu huyu hakuwahi kuniambia neno zaidi ya marahaba. Nikipita kwake alinitazama kama anavyotazamwa kuku wa jirani. Lakini siku ile alisimama mbele ya mchoro wangu, mikono nyuma, fimbo kwapani, akasimama muda mrefu kuliko mtu yeyote, kuliko hata majaji. Akasogea karibu. Akarudi nyuma. Mimi nikajaa kifua.

"Huyu umemchora kwa kumwona," akauliza, "au kwa kubuni?"

Swali lile liliniumiza kidogo. "Kwa kumwona, baba. Mimi sibuni."

"Naona. Naona kweli. Mpaka pembe." Akacheka kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake. "Na huu mlima, ulipokuwa unauchora ulikaa upande gani?"

Angeniuliza ng'ombe ni wa nani, ningenyamaza. Angeniuliza likizo nilikuwa wapi, ningesema nyumbani, kama nilivyowaambia wote. Lakini hili lilikuwa swali la uchoraji, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali la uchoraji. "Upande wa ziwani," nikasema. "Ilikuwa jioni, jua liko mgongoni kwangu, ndiyo maana kivuli cha mlima kimelala kule."

"Una kipaji sana, mwanangu," akasema. Mwanangu! Alitoa simu, akaupiga picha mchoro, akausogelea na kuipiga picha ile pembe peke yake. Kisha akaninunulia soda na andazi, akaniwekea mkono kichwani, akaondoka.

Mama aliporudi na Mwalimu Safari alinikuta nimeshika chupa.

"Nani amekununulia?"

"Baba mkubwa. Ameipenda sana picha yangu, mama. Ameipiga na picha."

Mama alikaa juu ya magunia ya vitunguu. Hakunifokea. Nilitamani miaka yote baadaye kwamba angenifokea.

Nilishinda nafasi ya kwanza. Mwenyekiti wa majaji alinyanyua kipaza sauti akasema kwamba kazi hii imeshinda kwa sababu moja, ukweli. "Ng'ombe huyu," akasema, "ukikutana naye njiani utamtambua!" Wakapiga vigelegele. Nikapewa boksi la penseli za rangi. Mchoro wenyewe wakasema unabaki kuwa mali ya tamasha, na sijauona tena mpaka leo. Watu waliona kwamba mama yangu hakupiga makofi, na hilo walilisema kwa wiki nyingi, kwamba yule mwanamke ana roho mbaya hata kwa mtoto wake wa kumzaa.

Kule Basotu simu hazikushika. Mama alipanda gari kesho yake asubuhi. Alipofika, kwenye mlango wa zizi kulikuwa na alama za matairi, na Mama Gidamis amekaa chini na kitambaa cha mgongoni kimechanika begani. Mume wake alikuwa mbali, malishoni na mifugo mingine. Baba mkubwa alikuja na wanaume wa ukoo na mgambo mmoja, wakaulizia zizi kwa zizi upande ule wa ziwa mpaka wakafika pale, akaonyesha simu, akaonyesha ng'ombe, pembe kwa pembe na baka kwa baka. Mama Gidamis alimshika Pembe shingoni, hakumwachia mpaka walipomvuta. Walimpakia Pembe na ndama wake.

Ndama yule ndiye aliyekuwa anipeleke sekondari ya bweni. Hilo mama aliniambia baadaye sana, na kwa neno moja tu.

Kikao cha ukoo kilifanyika chini ya kibanda cha baba mkubwa. Mama alikalishwa kwenye kigoda katikati, mimi nikasimama nyuma yake. Simu ikapita mkono kwa mkono, wazee wakiisogeza machoni na kuiweka mbali, wakitafuta umbali wa kuona. "Huyu ndiye aliyekufa kwa ndigana?" mmoja akauliza, wakacheka. Mama akasema ng'ombe ni wake, wa vitunguu vyake. Wakamwambia mwanamke aliyeolewa kwa mahari ya ng'ombe hana ng'ombe wake. Wakamtaka aombe radhi kwa kuudanganya ukoo, na mama yangu akapiga magoti kwenye vumbi, akaomba radhi kwa watu waliomwibia.

Baba mkubwa alimalizia kwa kunionyesha kwa fimbo. "Mimi sikumpeleleza mtu. Mtoto mwenyewe ndiye aliyeniambia. Na mtoto hadanganyi."

Kuanzia siku ile mimi nikawa yule aliyemtoa ng'ombe wa mama yake. Nilisikia kisimani, nilisikia kanisani, nimesikia harusini kwa binamu nikiwa mtu mzima mwenye kazi yangu, likisemwa kwa kicheko, kama kisa cha utotoni cha kufurahisha. Na mimi nililibeba. Nililala nalo, niliamka nalo. Sasa nimelitua. Mtoto aliulizwa kuhusu mlima, akajibu kuhusu mlima. Aliyechukua furaha ya mtoto akaigeuza kuwa kamba ya kumfungia ng'ombe ni mtu mzima mwenye mvi. Waliomsikia mjane akiomba wakamcheka ni watu wazima wenye miwani. Waliopitisha simu ni wazee wenye wajukuu. Mzigo wao waubebe wenyewe, maana mimi mabega yangu yamechoka.

Boksi la rangi nililitupa kwenye jaa la samadi siku ya kikao. Mama alilifuata. Alizifuta penseli moja moja kwa pindo la kitenge, akaziweka mezani mbele yangu.

"Chora."

"Sitaki."

"Chora. Ng'ombe wameshachukua. Mkono wako hawatauchukua."

Basi nikachora. Nikaenda sekondari ya kata kwa miguu, mvua na jua, na leo ninakula kwa kuchora watu: maharusi, maaskofu, marehemu. Wananilipa kwa sababu nikimchora mtu anafanana na alivyo.

Baada ya kumkatia Josefu simu, nilimpigia mama. Nilimwambia wanachotaka. Nikamsikia akiwafukuza kuku mlangoni.

"Mchore," akasema.

"Mama! Mtu yule?"

"Mchore kama unavyochora siku zote. Kwa kumwona. Usibuni."

Nilimchora kwa siku nilizokuwa nazo, na sikumwonea. Uso nilimpa mzuri, alikuwa mwanamume mzuri. Koti lake, fimbo yake kwapani, ule upole wa siku moja machoni. Mkono wa kulia nikaushikisha kamba, na mwisho wa kamba nikamweka Pembe, mwekundu wa tofali, baka begani mpaka tumboni, kichwa kimeinama upande kama anasikiliza. Nyuma yao ziwa, na Hanang ikiwa na kivuli cha jioni. Chini nikaandika jina la marehemu kamili, kwa herufi nzuri.

Niliutundika mwenyewe, msumari nilikuja nao, kabla wageni hawajajaa. Wazee wa kikao kile, wale waliobaki hai, waliingia na kukaa mstari wa mbele. Mmoja alinyanyuka, akausogelea mchoro, akaiangalia pembe, akarudi kukaa bila kumtazama mtu. Mwingine akainamisha kofia. Minong'ono ikaanza kwa wanawake: huyo si yule ng'ombe wa mama fulani? Si alisema ni wake, wa vitunguu vyake? Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka pamoja nao, mgongo umenyooka, anatazama ukutani. Nilipokutana naye macho, aliitikia kidogo kwa kichwa.

Josefu alinijia jasho linamtoka. Akanishika kiwiko, akaninong'oneza, "Dada, tafadhali. Watu wanauliza maswali. Tuishushe kwanza, tutaitundika baada ya mazishi."

Nilimtazama, nikautoa mkono wake taratibu, nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka mstari wa mbele:

"Kazi ikishatundikwa haishushwi."